Vigingi vya Chini

Shule ya Hietalampi ilifungwa kwa kukosa watoto.
Sasa Jumanne na Ijumaa tunaingia sisi,
tulioitwa kwa barua ya kituo cha afya:
miaka sabini na tano na kuendelea, waliochoka.
Barua haikumung'unya maneno.

Vigingi vya makoti vingali kwenye kimo cha mtoto wa miaka saba.
Tunainama kutundika, tunainama kutungua,
na Ronja, mwalimu wetu wa viungo, hucheka:
hilo tayari ni zoezi la kwanza.

Uchovu wangu haukuwa usingizi. Usingizi naujua.
Nilipanga mbao kiwandani, zamu ya usiku, miaka thelathini na mmoja,
nikirudi nalala na buti mguuni.
Ule ulikuwa uchovu wenye mshahara.
Huu ulikuja bure.
Nilikaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mkononi,
nikiitazama kama barua ya kodi.
Nilimenya viazi viwili, nikaketi.
Cha tatu nikakisamehe.

Daktari akapima damu, akasema ni nzuri.
Basi nikaichukua damu yangu nzuri, nikaenda kulala nayo.
Eino, mume wangu, akasema: Tyyne, huo ni uzee,
na uzee hauna dawa.
Alisema hayo akiwa amelala.

Kila mmoja wetu alipewa mkebe mweupe wenye namba.
Ndani, unga. Kwa wengine ni protini
na vitamini ya jua, jua ambalo Desemba kwetu
huchungulia saa nne asubuhi
na saa nane mchana limeshaaga.
Kwa wengine ni unga mtupu wenye ladha ya vanila.
Nani ana upi, hata Ronja haambiwi.
Veikko anaapa wake ni chokaa ya ukutani.
Wangu naukoroga kwenye uji wa shayiri,
unashika mabonge, nayameza na mabonge yake.

Halafu kiti.
Mikono kifuani, anasema Ronja.
Kama maiti, anasema Veikko.
Simama. Kaa. Simama.
Siku ya kwanza niliinuka mara tatu,
ya nne kiti kikanikatalia.
Kitu chenye miguu minne na hakiendi popote
kilinishinda mbele za watu,
mapaja yakitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa jana.

Wiki ya tano Hilkka hakuja. Nyonga.
Mkebe wake ukabaki dirishani, namba kumi na tisa,
hakuna aliyethubutu kuusogeza.
Siku hiyo tulivuta mipira yetu bila utani.

Sitakudanganya kwamba ipo siku nilipona.
Haba na haba, sawa,
lakini kibaba sikukiona kikijaa.
Ilikuwa Machi, theluji ikiporomoka paani kwa kishindo,
mtu wa posta akabisha na kifurushi.
Nikafungua, nikatia sahihi,
nikamwonya ashuke ngazi polepole, kuna barafu.
Nilipogeuka ndipo nikaiona meza,
ile meza ninayoishika kila ninaponyanyuka,
iko kule, mbali,
na juu yake kikombe changu kinafuka mvuke
kama mtu aliyeachwa katikati ya sentensi.

Ni unga? Ni kiti? Ni Veikko na chokaa yake?
Watatuambia Juni, bahasha zitakapofunguliwa.
Mimi siku hiyo nilimenya viazi sita,
vingine havikuhitajika.

Eino akauliza kutoka kitandani ni nani aliyebisha.
Nikamwambia Ijumaa avae viatu.
Unga hatapata, ameshachelewa, lakini viti vipo,
na kando ya changu kuna kigingi kitupu.
Si cha Hilkka, hicho tunamwekea.
Ni cha dirishani, kilicho chini kuliko vyote,
na Eino wangu ni mrefu.
Atainama sana.