Sampuli ya Arobaini na Moja

Kwanza viazi. Nanunua vilivyochubuka,
vya Walungu, bei ya huruma,
navichemsha, nachuja maji, natia sukari na agari,
na mama wa ghorofa ya chini anapanda kuuliza
kama maabara imefungua mgahawa.
Nawapikia wageni, mama. Wasiopiga hodi.

Udongo niliuchota Cimpunda, nyuma ya nyumba ya shangazi,
chini ya migomba, pale yanapomwagwa makapi ya kasiksi:
kijiko kimoja, ndani ya mfuko wa karanga.
Shangazi M'Kahasha akanitazama.
"Wenzako huja kuchukua ndizi."

Gramu moja ndani ya maji. Kutoka humo tone,
ndani ya maji mengine. Tena. Tena.
Mpaka umati ule ukaacha kusukumana
na kila mmoja akapata pa kukaa peke yake,
starehe ambayo Kadutu hatuijui.

Siku ya tano wakachomoza:
mweupe kama pamba ya sikioni,
mweusi kama sufuria ya msibani,
na mmoja wa kijani, kijani cha mkate uliosahaulika,
anatoka jasho la manjano.
Ukungu. Neno lilelile la kile kinacholala
juu ya ziwa mpaka saa tatu asubuhi.
Na kuvu, ukibadili irabu moja, ni Kivu.
Nilicheka peke yangu, gizani, umeme umekatika.

Bakteria ni wa Zihindula, seremala wa Nyawera.
Msumari ulimwingia mguuni mwezi wa pili.
Amemeza kila kidonge kinachouzwa rejareja:
viwili Jumatatu, vitatu pesa ikipatikana,
na usaha wake sasa unayajua majina ya dawa zote.
Wanataka nyuzi thelathini na saba, joto la mtu,
maana watu ndio nyumba yao.
Nikazungushia kasha madumu ya maji moto,
nikafunika na kitenge.

Asubuhi walikuwa wamejaa sahani nzima
kama misa ya Pasaka,
isipokuwa kando ya kikaratasi kimoja.
Duara.
Tupu, kama ua uliofagiliwa.
Milimita kumi na nne. Nikapima tena. Kumi na nne.

Nikamkuza upya, chupani, lita mbili.
Akanenepa. Jasho la manjano, hakuna.
Kuvu imegoma kama mwalimu wa serikali:
darasani yumo, hafundishi.

Profesa Bisimwa hakushangaa.
"Umemshibisha. Aliyeshiba atengeneze silaha ya nini?
Mpe njaa. Mpe jirani mbaya."

Zihindula alipouliza nilimwonyesha kwa rula.
Akaifunga milimita kumi na nne kati ya vidole viwili,
vidole vinavyojua.
"Huu ni ubao wa droo," akasema. "Mlango bado."
Akaondoka akiburuta mguu ngazi kwa ngazi,
nikazihesabu zote.

Leo mvua. Nimetoka tena Cimpunda,
kijiko mfukoni, tope hadi kifundoni.
Mlinzi ameandika kwa chaki mlangoni: PANGUSA VIATU.
Nimesimama chini ya maandishi hayo
naangalia soli zangu,
njaa yote ile, majirani wale wote,
na sijapangusa.