Stakabadhi ya Vibibi

Miaka kumi na minane nilimpigia taipu Wakili Badi,
na hata leo mvua ikianguka juu ya mabati
nanyosha mkono kubadilisha karatasi.

Babake alikuwa fundi kofia, Kuze,
kitobo baada ya kitobo kwa mwanga wa fanusi.
Mtoto akavuka bahari na koti la kuazima,
akarudi na lake, na wigi la nywele za farasi
ambalo mamake alilianika juani siku mbili
akihofia chawa.

Kesi ya kwanza: Bi Mwanasiti wa Majengo,
mpika vibibi, mwenye nyumba bila ardhi:
kuta zake, udongo wa mwingine.
"Mlango ni wa nani?" aliuliza kortini.
Wake.
"Na kizingiti?"
Wake.
"Basi akisimama kizingitini, mgeni ni nani?"
Hakimu alificha kicheko kwa leso. Tukashinda.
Malipo yalikuja kwa sinia,
na stakabadhi niliipiga mimi mwenyewe:
*Vibibi ishirini. Vimepokelewa vikiwa moto.*

Kisha Baraza likamvika mkufu, akawa Meya.
Mkufu ulimwachia alama ya kijani shingoni.
"Shaba," alinong'ona. "Hata hapa tumepunjwa."
Alileta mabomba, taa, vyoo vya soko,
na alasiri moja, chini kabisa ya rundo la mafaili
nilipouficha kwa woga wangu,
mchoro wa barabara: mstari mwekundu
ukipita katikati ya Majengo.

Alitia sahihi. Kama alisoma, sijui.
Sikuuliza. Na hilo pia ni langu.

Bi Mwanasiti hakulia. Aliweka stakabadhi
juu ya kioo cha meza, akainyoosha kwa kiganja.
"Vile vibibi, Badi. Unanidai, au nakudai?"

Tingatinga lilifika Jumatatu.
Fidia ilikwenda kwa mwenye udongo.

Toka siku hiyo alizunguka.
Kwenda sokoni, kwenda kuswali, na goti lake bovu,
alipitia Tononoka, asikanyage lami ile,
hata alipovuliwa mkufu, hata alipoacha kutambua
nani kamwamkia.

Mpaka juzi. Kutoka Sparki hadi Kikowani
njia fupi ni ile, na jua lilikuwa la kichwa,
na vijana wana haraka.
Nilitaka kusema, zungukeni.
Bega langu lilikuwa chini ya jeneza.
Lami ililainika kwa joto,
ikakishika kiatu changu kidogo,
ikakiachia.