Macho Hayana Pazia

Kanuni ya kumi na nne, kifungu cha pili:
kati ya barabara na bahari, toka daraja la Kilvarna
hadi pale ukuta wa mawe unapokata kona,
pasisimame kitu kirefu kuliko ukuta wenyewe.
Niliiandika mimi, kwa kalamu ya halmashauri,
kabla sijamjua Malachy Tarpey.

Mita moja na sentimita tano kutoka lami:
kimo cha jicho la dereva.
Hapo ndipo sheria yetu inapoanza kutazama.
Kwa hiyo nilipiga magoti kando ya njia,
utepe mkononi, tope magotini,
na magari yakanipita yakinipigia honi,
labda walidhani nasali.

Mbele yangu malisho, kondoo kumi na wawili
wenye doa la buluu mgongoni,
kisha ghuba, kama shuka iliyoanuliwa ikasahauliwa kukunjwa,
kisha kisiwa kisicho na mtu,
kisha mvua, yaja kwa miguu.

"Mandhari hailiwi," alisema Malachy
usiku ule wa kikao, ukumbi wa parokia,
viti vya plastiki, chai imechacha birikani.
"Mawe yale baba aliyang'oa kwa mikono.
Kodi nalipa mimi. Uzio naziba mimi.
Leo Sorcha wangu anarudi toka Toronto
na mimba ya miezi sita,
nanyi mwaniambia shamba ni la macho ya wapita njia?"

Bi Attracta Duignan, mwenye duka la sufu,
hakusimama. Alisema na sindano zake za kufumia:
"Ukijenga wewe atajenga Fergal,
akijenga Fergal litarudi lile bango la hoteli
lililotuziba miaka tisa,
mwanamke yule, glasi mkononi,
meno makubwa kama milango ya gereji.
Wajukuu wangu walijifunzia kusoma pale
kabla hawajajua kisiwa kinaitwaje."
Watu wakacheka.
Malachy hakucheka.

Kumi na moja kwa tisa.
Nyumba ikaanguka kabla haijajengwa.

Macho hayana pazia, ni kweli,
lakini pazia hushonwa polepole,
banda kwa banda, karakana kwa karakana,
na kila mshonaji aliomba kipande kidogo tu.
Nilijiambia hivyo nikiendesha kurudi nyumbani.
Nilijiambia mara nyingi mno.

Jumamosi nikarudi, hakuna aliyenituma.
Sorcha alikuwapo, ndani ya mabuti ya baba yake.
Tulitembea na utepe mpaka tukapata kibonde
chenye matete, ambacho ramani yangu haikukijua.
"Hapa," nikasema. "Paa la kijivu, lisizidi mita nne.
Aliye barabarani hatajua kama mpo."
Malachy akakwatua udongo kwa kisigino,
akatazama maji yakijaa kwenye alama,
akasema mtaro utahitajika. Alisema hivyo tu.

Sorcha akageukia upande wa bahari.
Bahari haikuwapo:
nyasi, mkia wa kondoo, wingu.
"Basi wataiona wote," akasema, "ila mimi."
Nikapekua vifungu vyangu vyote kichwani.
Hakuna hata kimoja kilichomtaja.

Nikapanda kuhesabu magari, maana fomu inataka idadi.
Arobaini na moja. Mawili yalipunguza mwendo.
Moja lilisimama; akashuka bwana mmoja,
akaipa ghuba kisogo, akaongea na simu.
La arobaini na mbili lilikuwa basi la shule,
na kwenye dirisha la nyuma pua imegandamizwa kiooni,
pumzi ikaweka ukungu,
mkono wa sweta ukaufuta,
pua ikarudi.

Nikaandika: moja.

Huko chini Sorcha alikuwa anapanda mteremko,
mkono kiunoni, taratibu, midomo ikicheza,
toka mlango ambao bado haupo
mpaka pale bahari inapochomoza.
"Sitini na tatu!" akampigia baba yake kelele.
"Hatua sitini na tatu!"
Mvua ikafika kabla hajajibiwa.