Kiwiko

Siku ya tisa mwanangu aliamka mwekundu,
shingoni, makwapani, kwenye mikunjo ya mapaja,
malengelenge yamejaa maji
kama aliyemwagikiwa uji wa moto.

"Mmemuunguza," alisema jirani pale Buguruni.
Hakumtaja mtu.
Nami sikumtaja mtu.
Nilimtazama tu Bi Siwema, mama mkwe,
aliyemwogesha alfajiri kwenye beseni la buluu,
na macho yangu yakamaliza maneno.

Amana, wodi ya watoto.
Kila alipoguswa ngozi iliambuka,
nyepesi, ganda la kitunguu,
ikabaki kwenye shuka.
Sikuthubutu kumpakata.
Nilimnyonyesha kwa kumwinamia,
nimejishikilia kwenye chuma cha kitanda.

Daktari aliuliza habari za kitovu,
za jipu, ni nani nyumbani ana jipu.
Mimi. Kidoleni. Nililifunga kitambaa nikalisahau.
"Si maji, mama. Ni bakteria,
sumu yao huibandua ngozi.
Atachomwa dawa. Kovu halitabaki."

Kovu.
Siku nne Bi Siwema alikaa koridoni sakafuni,
mkono wa kulia kaufunika kwa mtandio
kana kwamba ndio uliofunguliwa kesi.

Leo Nasri ana ngozi mpya, yang'aa.
Nimejaza beseni. Nimemwita.
Radhi imenikwama kooni, nikasema,
"Mama, hebu nipimie."

Akapandisha mkono wa dera,
akazamisha kiwiko,
akangoja,
akaongeza kata moja ya maji baridi
ambayo haikuhitajika.