Bafu Chini ya Ngazi

Hatua mbili kwenda, moja na nusu kuvuka.
Ukifungua mlango kwa pupa unagonga sinki;
ukikaa, magoti yanasalimiana na ukuta.
Humo ndimo nilimotaka kuleta shamba zima.

Nilipanda Telemark kutoka Oslo na gari la kukodi,
futi kamba mfukoni, kichwa kimejaa picha:
mbao kuukuu, chuma chenye kutu ya heshima,
taulo la kitani likining'inia kwenye tawi.
Zizi la baba lilikuwa limeanguka Februari.
Theluji ililikalia mpaka likapiga magoti,
na mbao zake za msonobari
zilikuwa na rangi ile isiyouzwa dukani,
kijivu cha manyoya ya paka mzee.

Nikazikwangua. Nikazipiga msasa, si sana,
nisije nikaufuta uzee niliokuja kuutafuta.
Ndoo ya maziwa nikaitoboa tako, ikawa sinki.
Kigoda cha kukamulia kikabeba sabuni.
Kioo nikakitia kwenye fremu ya dirisha la ndama,
na misumari iliyopinda nikainyoosha mmoja mmoja
kwa nyundo, juu ya jiwe, kama alivyofanya baba,
maana Tarjei hakununua msumari
ilhali upo uliopinda.

Sverre, fundi bomba, alikuja akakuna kidevu.
"Mbao na mvuke ni wake wenza," akasema.
"Watakaa nyumba moja, lakini siku moja utasikia."
Nikampa kahawa. Akaziba nyufa. Akaenda zake.

Mama alikuwa akinitazama kutoka jikoni,
mkongojo mapajani, neno hana.
Siku ya nne akaja, akasimama mlangoni,
akanusa.

"Miaka arobaini na moja," akasema,
"nilitoka zizini saa moja asubuhi
nikaja kusimama hapa, kwenye hiki kichumba,
nikajisugua viwiko, shingo, nyuma ya masikio,
ili nikienda dukani nisinuke ng'ombe.
Baba yako alinijengea pa kuliacha zizi.
Nawe umenifuata nalo mpaka humu?"

Niliinama nikazoa vumbi la mbao
kana kwamba ndilo lililosema.

Alitaka vigae. Vyeupe pe, kama vya zahanati,
vya kupitishiwa kitambaa mara moja vikang'aa.
Alitaka taa kali isiyoficha kitu.
Nilichokiita uzuri wa shamba,
yeye alikiita Jumatatu.

Basi nikang'oa.
Ndoo ikarudi uani, ikapandwa vitunguu majani,
na tundu lile, kumbe, linawafaa.
Kigoda akakizuia: "Hicho nitakalia nikivaa soksi."

Ila ubao mmoja, nilipougeuza kuubeba,
upande wake wa ndani, usioonja jua,
ulikuwa na penseli. Mwandiko wa baba, umelalia kushoto:

Dagros, lita kumi na moja. Fagerlin, tisa.
Dagros, saba.
Dagros, mbili. Daktari kesho.
Kisha nafasi tupu, upana wa kiganja.
Kisha: Ragnfrid amecheka leo.

Nikamwonyesha. Hakwenda kuchukua miwani.
Aliusoma kwa kidole, polepole,
kama mtu anayepima joto la maji ya mtoto.
"Alicheka nini?" nikauliza.
"Sikumbuki," akasema. Halafu, baadaye sana,
nikiwa nimeshasahau swali:
"Lakini ilikuwa majira ya kiangazi, maana mlango ulikuwa wazi."

Ubao ule upo nyuma ya mlango, chini,
pale jicho linapofika mtu akikaa.
Vanishi alikataa. Mvuke ukitaka kula, ule,
yeye naye anaisha kidogo kidogo.

Sverre aliporudi kufunga bomba jipya
akauliza, mbona umebaki mmoja tu?
"Nyingine zilikuwa mapambo," akasema mama,
akanawa mikono, akazima taa,
sisi wawili bado tumo ndani.