Mipaka

Košice, Februari. Theluji imegandia madirisha
na Drahomíra anajua saa kwa kelele:
kinu kisicho na mchi, mipira ya chuma
ikitwanga unga wa chuma tangu juzi jioni,
ikitwanga, ikipoa robo saa, ikitwanga tena.

Hewa haimo kinuni, ni agoni tupu,
maana unga laini namna hii
ukionja oksijeni huwaka kama kiberiti.
Mwaka jana ulichukua nyusi za Ctibor.
Hadi leo anazichora kwa penseli
na hakuna anayecheka mbele yake.

"Chuma huyeyushwa," husema Imrich, babake Drahomíra,
miaka thelathini na moja mbele ya tanuri kubwa.
"Hakisagwi kama jozi za keki ya Krismasi."

Methali niliyokua nayo inasema utengano ni udhaifu.
Humu kinuni sina hakika.
Chuma hupinda kwa sababu kasoro hutembea ndani yake,
na kwenye punje kubwa hutembea kama mtu uwanjani,
mikono mfukoni.
Zigawe punje, uzigawe tena,
hadi darubini ya kawaida isizione,
na kasoro ile ile, kila hatua, inakuta mpaka,
na kila mpaka una hodi isiyojibiwa.

Shida ni moto.
Unga si kitu mpaka ushikamane,
nao haushikamani bila joto,
na joto likizidi punje humezana,
mipaka inafutika, amani inarudi,
chuma kinakuwa laini kama zamani.
Ndivyo vilivyokufa vidonge vitatu vya mwanzo.

Kwa cha nne ametia zirkoni, kiasi cha chumvi ya kuonjea,
ikae mipakani, ilinde.
Dakika nne ndani ya kibano, nyuzi mia saba,
umeme ukivuma. Hakuna kilichoyeyuka.

Ncha ya almasi ilipokandamiza
alitafuta alama yake mara mbili
akadhani mashine imekwama.
Kisha akaiona.
Akaketi.

Jumapili alimpelekea Imrich kidonge hicho.
Mzee alikigonga kwenye ukingo wa kikombe, akasikiliza,
akakigonga tena.
"Kidogo mno," akasema,
akakitia mfuko wa shati
na hakukirudisha.