Mai

Nilikaa Mkomani
usiku, juu darini,
mashini i mapajani,
feni ikiniimbia.

Nikaandika programu
ya maji ya hapa Lamu,
kujaa, kupwa kwa zamu,
saa zake kukwambia.

Maji kwetu huwa ‘mai’;
kwa mamangu, penye chai,
neno lingali li hai,
nami nikalitumia.

Nikaanika hadhara,
bure, pasi na ijara;
leseni juu, imara,
sharuti zatangulia:

Chukua, kata, panua,
uza hata, ukijua
jina hutolibandua
wala komeo kutia.

Ulichofanya kwa changu
kiwache wazi, mwenzangu,
wa nyuma apate fungu
hata asipolipia.

Malindi, duka la simu,
Twalibu ana programu
ya maji, rangi ya damu,
mia tano kuingia.

Nikaifungua ndani,
nikatafuta leseni:
jina langu silioni,
lake linaning’inia.

Ila chini, bado hai,
mara saba, ‘mai’, ‘mai’!
Kwao neno halikai,
‘maji’ ndiyo husikia.

Nikamwonyesha kwa chanda.
Akacheka, akaganda.
“Bure, dada, kama tunda
la njiani,” kanambia.

Nikasema, “Tunda lina
mti wake, wenye jina.
Pesa sidai, hapana,
rudisha nilichotia.”

Leo kaleta kipaji:
kila ‘mai’ sasa ‘maji’,
hata pasipo hitaji,
pigo moja kapitia.

Sasa ukiifungua
‘maili’ imeshakuwa
‘majili’. Mbele natua:
“Majisha mema!” yalia.